Figo ya Baba

Chang'ombe,
Dodoma.
8 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Domitila,

Mbukwa, wifi! Najua huko Bukoba wamekuzoesha salamu zao, ila ya kwetu natumaini hujaisahau. U hali gani wewe, na shemeji Filipo, na watoto? Kile kikohozi cha Editha kimeisha? Sisi huku tunashukuru Mungu. Upepo wa mwezi huu umeanza, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, na kaka yako Gabrieli yuko njiani na lori kwenda Tunduma kama kawaida yake. Wazee kule Mlali wameshavuna alizeti, na safari hii si haba.

Unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi. Nikikumbuka unavyocheka kabla mtu hajamaliza kusema, naiweka chini. Hili nataka ulisome mpaka mwisho ndipo ucheke, au unigombeze, maana nastahili vyote viwili.

Ni habari ya baba yenu. Yale maumivu ya ubavuni tuliyokuwa tukiyanunulia dawa ya kuchua, kumbe ni jiwe kwenye figo. Na si punje, wifi. Limejaza figo nzima ya kushoto, lina matawi kama tangawizi. Daktari alisema likiachwa figo itakufa, na ile ya kulia nayo haina nguvu za kutegemewa. Akatueleza kwamba hawapasui tumbo siku hizi, wanatoboa tundu dogo mgongoni, wanalivunja humo humo na kulitoa vipande vipande. Kwa kuwa kaka yako hayupo na mama miguu inamsumbua, aliyempeleka baba hospitali ni mimi.

Sasa daktari yule ana miwani kubwa nyeusi, kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Picha alizopigwa baba kwenye mashine zinaingizwa humo, na ukiivaa unaiona figo yake imekuzunguka pande zote kama umesimama chumbani. Yeye huivaa kabla ya upasuaji ili atafute njia ya kupitisha sindano. Alisema kwenye picha za kawaida alikuwa amechagua kupitia juu, ila alipoingia na miwani akaona mshipa mkubwa wa damu umekatiza pale pale, akahamia chini. Nilishukuru kusikia hivyo. Kisha akaniuliza kama nami ningependa kuona, nikawaeleze wa nyumbani.

Ningesema hapana. Baba alikuwa amekaa pale, kofia yake mapajani, na wagonjwa wengine na ndugu zao wamejaa kwenye viti. Mimi nimezaliwa huku huku, Buigiri, siwezi kujitetea kwamba sikujua mwiko wa mkwe. Huyu ni mkwe ambaye tangu niolewe sijawahi kula naye meza moja, na hata shuka lake silifui mimi, analifua mama. Lakini niliivaa.

Nikasahau nilipo. Kulikuwa kuzuri, wifi, sikufichi. Kuta za rangi ya waridi, mishipa myekundu na ya buluu inapita kila upande, na katikati jiwe jeupe lililonizidi kimo. Nikanyoosha mkono nilishike. Hapo mdomo ukaniponza, kwa sauti ya mtu aliye mnadani: "Baba! Nimeingia ndani yako! Niko huku ndani, baba!"

Watu walicheka. Nilipovua miwani, kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje kwenye benchi, ameshavaa kofia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Twende nyumbani," huku anaangalia geti. Kesho yake akapanda basi la Mlali peke yake, na jioni mama akanipigia kusema mzee wake hataki tena kusikia habari ya upasuaji.

Wiki ile ile homa ikaanza. Leo hajala, leo anatetemeka, leo ubavu umemkaza hawezi kuinama. Kila mama alipopiga, nilikwenda kukaa jikoni nikalia. Niliona namuua baba yenu kwa kiherehere changu. Na kaka yako alipouliza kwa nini mzee amegoma, nilimwambia anaogopa sindano. Nikamsingizia baba uoga juu ya aibu niliyompa. Akirudi Gabrieli nitamwambia ukweli, aseme atakalosema.

Jana nikaona kulia hakutoshi, nikaenda Mlali. Sikuingia ndani. Nilipiga magoti nje ya mlango, baba yuko kitandani, mama kakaa kizingitini katikati yetu. Nikaomba radhi kupitia kwa mama, naye akawa anayarudia maneno yangu kama vile baba hasikii. Kisha baba akasema:

"Muulize mkweo, huko ndani alikoingia, kulikuwa kusafi?"

Wifi, siku zote hizo nilidhani ameona nimemvua nguo mbele za watu. Kumbe kilichokuwa kinamuuma ni kwamba mkwe ameingia bila hodi, akakuta hapajafagiwa. Unamjua baba yako na ufagio wake. Nilijisikia vibaya zaidi kuliko mwanzo.

"Mama, mwambie baba kulikuwa kusafi," nilisema. "Ni jiwe tu."

"Basi walitoe," alisema baba. "Ila huyo daktari naye, akitaka kuingia, apige hodi."

Nimerudi nao mjini wote wawili, baba na mama, na upasuaji ni Alhamisi. Sasa ombi langu. Watamwachia mrija mgongoni kwa muda, wa kuangaliwa na kusafishwa, na mama macho yake hayaoni vizuri. Ukiweza njoo, wifi. Ni kazi ya binti yake, mimi sithubutu kumtazama tena.

Mama anakusalimu sana, anasema umekonda kwenye picha uliyotuma. Msalimie shemeji Filipo, mbusu Editha. Mungu awafunike huko, na akulete salama.

Wako akupendaye, pamoja na mdomo wake,
Flaviana

Jumatatu. Kabla sijaifunga: leo tumempeleka baba kulazwa. Nilimwambia daktari lile la hodi, nikijua atacheka. Hakucheka. Alimwinamia baba akasema, "Shikamoo, mzee. Nitapiga." Baba akaitikia marahaba. Walipokuja na kiti cha magurudumu kumpeleka wodini, mama yuko pale pale pembeni yake, lakini baba alinigeukia mimi, akavua kofia yake, akasema, "Flaviana, nishikie."