Haikuwa Sindano, Baba Nekesa

Nekesa wetu anaolewa, na haikuwa sindano! Nimekupigia kelele kabla hata ya salamu. Mpendwa Baba Nekesa, lala salama huko uliko. Sisi huku Jericho, Nairobi, tu wazima.

Binti yako sasa ndiye fundi wa cherehani anayetafutwa kutoka hapa mpaka Eastleigh. Wenye masikio wanapanga foleni kumngoja asiyesikia, nami napita katikati yao polepole wanione. Mchumba ni Barasa, seremala wa Gikomba. Yeye anasikia, na lugha ya ishara ameijua mpaka wanagombana kwa mikono.

Ila mama yake simwamini. Juzi aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya Nekesa, makusudi, kisha akaniuliza kwa sauti ya asali, "Mama Nekesa, hii hali ya kutosikia ni ya sindano ama ni ya damu?"

"Sindano ya malaria, dada," nikajibu haraka. Si ndivyo tulivyojibu miaka yote, mimi na wewe? Na ya mdogo wake, naye asiyesikia, tukaisingizia surua.

Nikaenda kwa daktari wa masikio nipate shahidi. Akauliza habari za watoto wote wawili, akatikisa kichwa. "Mama, hii iko kwenye damu. Baba amebeba, mama amebeba, na wote wawili wanasikia."

"Daktari, mimi nasikia hata sisimizi akikohoa!"

Akacheka, lakini neno lake hakulibadilisha. Eti chanzo kinachoonekana sana kwa Wazungu huenda kwetu sicho, watu wa kila mahali wana chao, ndiyo maana anaomba damu yetu ichunguzwe. Ipelekwe wapi? Kwa nani? Nimemwambia nitafikiria.

Nikiwa nafua nguo nikaanza kutaja majina ya kwenu. Kwenu kila marehemu amerithiwa jina, hata yule babu mlevi. Isipokuwa shangazi yako Nasimiyu. Nekesa alipozaliwa nililitaja, ukaangalia pembeni: "Hilo liache." Kwa nini? Na nani alikufundisha kugonga sakafu kwa kisigino ili mtoto ageuke? Mimi bado nalia, wewe tayari unajua. "Huyu anasikia kwa miguu," ulisema, mkacheka wewe na yeye. Ulijifunzia kwa shangazi, Baba Nekesa; naye hakuwa akisikia. Ukanyamaza, mama yako akisema nilimlaza mtoto kwenye baridi.

Nilikasirika, nikamwandikia mama yangu kumuuliza ya kwetu. Barua mbili. Amenijibu habari za mahindi tu. Mahindi! Kwa hiyo kidole nilichokunyooshea nimekirudisha.

Ningeweza kunyamaza ili harusi ipite. Lakini akizaliwa mjukuu asiyesikia, Nekesa atalaumiwa nilivyolaumiwa mimi. Sitaki. Yeye na Barasa nimeshawaambia. Barasa alisema, "Mama, mimi nimekuja kuoa Nekesa." Nekesa naye akasema kwa vidole vyake, "Mtoto akiwa kama mimi, atakuta mwalimu nyumbani." Hicho kichwa amekitoa kwangu.

Wakubwa ndio wamebaki kuambiwa, nami nitasimama niseme yote. Mama Barasa akitaka kuondoka, aondoke ameshiba. Pumzika, mume wangu; ningependa ungekuwa kando yangu siku hiyo. Nimewaita watu wako, watu wangu na watu wa Barasa, wote waje Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Mkeo, Mama Nekesa