Kitufe cha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mtaalamu wa mazoezi kaleta kitufe cha Baba. Chekundu, kikubwa kama kisahani cha chai, kina waya wa USB. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto — ndicho pekee kiharusi kilichomwachia. Kwenye skrini, ndani ya programu ya kuongea, herufi zinawaka moja moja. Ikifika anayoitaka, anabonyeza. Basi ataongea!

Nimekichomeka kwa pupa. Wapi! Baba akibonyeza, kishale kinaruka, mafaili yanafunguka ovyo. Kompyuta inadhani ni kipanya. Baba kafumba macho.

Jumatano, 5 Machi

Bado. Nimempigia fundi wa kompyuta wa kazini. Kitufe hakina kosa, anasema. Draiva, yaani programu ndogo ya kompyuta yenyewe inayoendesha vifaa, inakidaka kabla programu ya kuongea haijakiona. Kama jirani anayemdaka mgeni wako njiani, akamkaribisha kwake. Nikajaribu kuizima draiva yote — kipanya changu nacho kikafa palepale! Nimecheka peke yangu, mara ya kwanza tangu tumzike Mama. Halafu kilio.

Jioni Shangazi kapita. Kanong'ona jikoni: Baba asiambiwe, moyo wa kaka yake hautastahimili. Mama alifariki Baba akiwa hajitambui hospitalini. Sasa kila asubuhi tunamwambia Mama yuko kwa mama mdogo, anapumzika. Anatutazama tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweza! Kumbe kila kifaa kina namba yake ya utambulisho. Fundi kanielekeza kwa simu, nikaandika amri yenye namba ya kitufe hiki tu: draiva isikiguse. Nikachomoa, nikachomeka. Kishale kimetulia tuli. Nikafungua programu — kipo! Baba kabonyeza. Mashine ikasema: "B." Machozi yakamtoka. Na mimi.

Kaka yangu hakufurahi. "Haya, umemfungua mdomo. Akiuliza, tutajibu nini?"



Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kaja kumsikia kaka yake. Kavaa vizuri, kama anakwenda harusini. Baba kaanza, pole pole. M. A. M. A. Shangazi kawahi: "Wifi hajambo, kaka! Bado anapumzika!" Baba hata hakumtazama. Y. E. N. U. Kisha kidole kikasimama. Herufi zikawaka, zikapita, zikawaka. Nikadhani kachoka. Kikaanza tena, kwa muda mrefu. Mwisho mashine ikasoma yote, kwa ile sauti yake kavu isiyojua msiba:

"Mama yenu mmemzika wapi?"

Shangazi kajiziba uso kwa viganja. Kaka yangu katoka, mlango kauacha wazi. Tangu lini Baba anajua? Asubuhi zote zile — alikuwa anatuvumilia?

Naandika hapa hapa, kitini kando ya kitanda. Baba ananitazama mimi. Herufi zimeanza kuzunguka tena. Kabonyeza N. I. P. E. L. E. Sasa K —