Utando Ndani ya Mpira

Mayu, mama yangu,

Baridi ya mwezi wa sita imeshika Kasense, ile uliyokuwa ukiitukana kila asubuhi kana kwamba ina masikio. Miaka thelathini tangu baba atulete Ufipa na ng'ombe wetu, na bado ulikuwa unailalamikia kama mgeni aliyeshuka jana. Siku hizi ninaitukana mimi kwa niaba yako.

Maziwa bado ninapeleka kwa wateja wa Chanji, na madumu ninayaosha kama ulivyonifundisha, kwa maji ya moto na changarawe. Sijasahau siku ile nilipokuwa na miaka kumi hivi, maziwa yakaganda njiani mara mbili kwenye dumu lile lile, nami nikaapa kwamba nimeliosha. Hukunipiga. Ulichukua panga ukalipasua mkono, ule wa kushikia, maana ndani una uwazi. Ukanionyesha utando mweupe, unateleza, umejibandika pale ambapo brashi haifiki. Ukasema, "Maji yanapita juu yake tu, Minza. Wadudu wenyewe wako chini wamejifunika." Dumu likawa la kuoteshea mchicha.

Nilikuwa nalijua somo hilo, mayu. Ndiyo maana naona aibu kukuandikia.

Utumbo wako ulipojisokota ukapasuliwa hospitali, ulikaa wiki tatu bila kula kwa mdomo. Mishipa ya mikono ilikuwa imechoka kwa sindano, mikono imevimba na kuwa ya bluu, na kila walipotafuta mshipa mimi ndiye niliyekushika. Ulikuwa hulii. Ulikuwa unaniangalia tu, na mimi ndiye niliyelia chooni. Siku walipokuwekea mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, chakula na dawa vikapita humo bila kukutoboa tena, nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi mgonjwa wa jirani akacheka.

Halafu homa ikarudi. Ilishuka, ikapanda, ukawa unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Wakachukua damu wakaiotesha maabara, na daktari yule wa kike, mrefu, mwenye sauti ya chini, akaniita pembeni. Damu yako ilikuwa na fangasi.

Mimi fangasi nilizijua za miguuni, za watu wa mabuti. Nikamwambia azipe dawa zife. Akanieleza kwa upole kwamba dawa ameshaanza kutoa, na itaua zile zinazoelea kwenye damu. Lakini nyingine zilikuwa zimejishika ndani ya mpira na kujitengenezea utando, na chini ya utando huo dawa haizifikii vizuri. Kila siku zinaachia nyingine kwenye damu. Mpira lazima utoke, akasema, na watafute mshipa mkononi.

Mayu, alitumia neno lile lile. Utando. Na mimi sikusikia dumu, nilisikia mkononi. Niliona nikikushika tena, na wewe ukiniangalia. Nikasema mambo ya mama anaamua kaka yangu mkubwa, Masanja, naye yuko Kabwe ziwani kununua samaki, migebuka, na simu yake haipatikani. Daktari akasema nijitahidi, muda si rafiki yetu. Jioni akaniuliza tena. Kesho yake akaniuliza asubuhi na mchana. Kila mara nilitoka nje, nikaweka simu sikioni, nikarudi nikitikisa kichwa.

Sikuwahi kubonyeza namba.

Siku ya pili jioni ndipo ulipomsikia daktari mwenyewe akinieleza karibu na kitanda chako. Ukafumbua macho. "Minza, dumu likishika utando unalifanya nini?"

"Naliondoa kwenye maziwa, mayu."

"Basi wang'oe," ukasema. "Wewe nishike tu."

Wakautoa usiku huo huo. Homa ikapungua, ukanywa uji wa ulezi vijiko sita, ukanitania kwamba nimekonda kuliko mgonjwa. Siku ya nne ukatutoka. Fangasi zilikuwa zimeshafika moyoni. Nilimuuliza daktari kama zile siku mbili zingekuokoa. Akasema hakuna anayeweza kuapa hivyo, wala vinginevyo. Nimeishi na jibu hilo tangu siku hiyo.

Kwenye msiba Masanja alisema hospitali walichelewa. Watu wakaitikia, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini ulikuwa na uongo ndani yake. Wiki iliyopita alikutana na yule daktari sokoni. Daktari akamsalimu kwa heshima, akampa pole tena, na Masanja akampa mgongo mbele za watu. Alinisimulia kwa fahari. Sijalala vizuri tangu hapo.

Leo asubuhi nimeianza barua hii nikijua kaka atapita kuchukua maziwa. Alipofika nimeikatiza hapo juu, na sasa naimalizia. Nikamkalisha jikoni, nikamwambia yote: daktari alivyohangaika, simu niliyoiweka sikioni, siku mbili. Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane, kwa kweli.

Kikombe kikapoa mkononi mwake. Akasema atakwenda kumwomba daktari radhi, na niende naye. Nikakubali. Kisha akaniuliza kama mikono yako ilikuwa inakuuma sana. Nikamwambia ndiyo, sana.

"Ungenipigia tu, Minza," akasema. "Ningekuja tukamshika wote wawili."

Basi tukalia, mayu, watu wazima na mvi zetu, maziwa ya Chanji yakachelewa.

Nisamehe pale uliponiona na pale ambapo hukuniona. Pumzika penye joto.

Binti yako wa katikati