Lugha Uliyorudi Nayo

Baba Stela, mume wangu,

Wageni wa matanga wameondoka wote. Wifi Otilia, dada yako, alikuwa wa mwisho. Jumatatu nilimsindikiza stendi akapanda gari la Namtumbo, nami nikarudi nyumbani Majengo kwa miguu. Nimefagia, nimefungua madirisha, nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Nikaona nikuandikie, maana lipo jambo sikukwambia ulipokuwa hai, na nyumba hii sasa ina nafasi kubwa mno ya kulifikiria.

Tulivyoanza unakumbuka. Mimi Mpare niliyeletwa Songea na barua ya uhamisho, mwalimu wa darasa la tatu nisiyemjua mtu. Wewe karani wa ushirika, Mngoni, unapima tumbaku za wakulima na kuwachekesha mpaka wanasahau foleni. Ulinisemesha Kiswahili, nikakujibu Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na Stela tukamlea kwa lugha hiyo hiyo. Kipare changu kilibaki kwa mama, Kingoni chako kwa ndugu zako. Miaka ishirini na miwili sikuona haja ya kujifunza. Ulikuwa ukinitania, "Mwalimu, siku moja nitakusengenya kwa Kingoni ukiwa umekaa hapo hapo." Nikakwambia sengenya tu.

Ushirika ukayumba, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, wafanyakazi wakapunguzwa, nawe ukiwemo. Hukulalamika. Ulilima mboga nyuma ya nyumba. Asubuhi moja ya masika ukaanguka kati ya matuta. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na mdomo ukafungika.

Wiki mbili hospitalini hukutoa neno. Siku uliposema, nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Ulitamka maneno matatu au manne, wazi kabisa, huku unanitazama mimi, na sikuelewa hata moja. Kilikuwa Kingoni. Otilia akaruka kutoka kwenye benchi akakujibu, mkalia pamoja. Mimi nikabaki na kikombe changu.

Nyumbani, Otilia alipohamia kwetu kukuuguza, ikawa hivyo hivyo. Ukitaka maji, unamwambia Otilia. Ukiumwa, Otilia ndiye anayejua wapi. Mlizungumza vineno viwili viwili, wakati mwingine mnacheka, nami napita na sufuria kama mpangaji. Nikikusemesha Kiswahili, macho yalionyesha umeelewa, ila jibu halikuja, na mwishowe unageukia ukutani. Nikajiambia, basi, ameniacha. Hili ndilo nililokuficha: nilimwonea wivu dada yako. Nilikuonea wivu hata wewe, mgonjwa.

Kwa hiyo nikatoa amri. "Humu ndani ni Kiswahili tu. Mkimzoesha Kingoni, Kiswahili hakitarudi tena." Niliisema kwa sauti ya darasani. Otilia alivumilia siku tatu, akafunga mzigo wake akaondoka. Nawe ukanyamaza. Mwezi mzima, mume wangu. Ulikula ukilishwa, ulilala ukilazwa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia kwamba katika hospitali ya misheni kuna Sista aliyesomea tiba ya usemi. Sikujua kuwa kusema nako kuna tiba. Tulikupakia kwenye pikapu ya jirani. Chumbani mwa Sista kulikuwa na picha, kioo, na unyoya wa kuku juu ya meza. Msichana wa miaka sita hivi, aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, likashonwa, alikuwa anaupuliza ule unyoya akijifunza kutamka "pa". Ulimtazama mpaka ukasahau kunikwepa. Unyoya uliporuka, wewe ukaitikia kwa kichwa kumpongeza.

Sista akaniuliza, "Nyumbani nani anamsemesha lugha ya utoto wake?"

"Nimekataza, Sista. Nilitaka Kiswahili kirudi."

Hakunigombeza. "Mama, huyu hajakuchagua wala hajakukataa. Maneno yake yapo, njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika. Mlango mmoja ulifunguka wenyewe, wewe ukaufunga. Kaufungue, tupitie huo huo."

Kesho yake nilikwenda Namtumbo. Nilimkuta Otilia anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mgonjwa umemwacha na nani?"

"Na jirani. Wifi, nimekosa."

Akaendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu. "Mimi si mwanafunzi wako," akasema. Kisha akaingia ndani. Nilidhani ndiyo nimefukuzwa. Akatoka na mzigo.

Ndipo tukaanza. Otilia anainua picha na kuitaja kwa Kingoni, wewe unataja, mimi narudia, halafu naisema kwa Kiswahili nawe unajaribu. Sista alitufundisha kuuliza swali fupi, moja tu, kisha kusubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda. "Usimmalizie, mama. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi." Nilikuwa na daftari kama mtoto wa shule. Siku moja nilitamka neno la kuku vibaya, likawa sijui tusi gani, Otilia akakimbilia nje. Nawe ukacheka! Ulicheka mpaka machozi, kisha ukainua kidole cha mkono wa kushoto, ukanisahihisha silabi kwa silabi. Ndiyo siku niliyoacha kukuonea wivu.

Kiswahili kilirudi robo. "Chai." "Stela." "Bado," ambalo ulilipenda ukalitumia kwa kila kitu. Jina langu hukulipata tena. Ulikuwa unagonga fimbo sakafuni, naja. Hukupona kama watu wanavyosema kupona. Lakini tuliweza tena kugombana juu ya chumvi, na mimi nilishukuru.

Jumapili ile kabla ya kiharusi cha pili, kilichokuchukua, Otilia alikuwa kanisani. Nilisimama napiga pasi. Ukasema kitu kwa Kingoni, polepole, na nilikuwa nimeshaanza kugeuka kumtafuta Otilia aniambie ulichosema, nikagundua nimeelewa. Ulisema, "Umechoka. Njoo ukae." Nikaja nikakaa.

Stela anataka nihamie kwake Dar es Salaam. Nimemjibu kwamba sitahama mwaka huu. Sista ameniomba niwe naenda kila Jumatano kukaa na wake na mama za wagonjwa wanaoanza tiba hii, niwafundishe kusubiri, nami nimekubali. Jumatano basi nitakuwa na watu. Siku sita nyingine sijui nizifanyeje. Naamka na sentensi nzima nzima za Kingoni kichwani, nimezisomea ukubwani kwa shida. Otilia anasema sokoni wamejaa wa kuongea nao. Ni kweli wamejaa. Lakini sikujifunza kwa ajili ya soko.

Unisamehe ule mwezi wa kimya. Ulale salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Stela