Alichokuwa Akililia Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kutoka Mtambile. Mama yako hajambo, karafuu ziko juani, nami ni magoti tu yanayonisumbua.

Umeniuliza kama huzuni yako ni udhaifu wa imani, ingawa daktari kakwambia yale madoa meupe kwenye picha ya ubongo wako, yanayokudhoofisha miguu na macho, huweza kuleta majonzi pia.

Nilikuwa na dada, Zuhura. Miguu ilimwisha nguvu, macho yakafifia, kisha akawa analia bila sababu. Tukasema ana pepo. Mwalimu wa Kurani akamwandikia kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa yote. Kesho yake tukichambua karafuu, machozi yakamtoka tena. Akayafuta haraka, akasema, "Nimepona, Mama."

Mama akasogeza mkeka wake karibu naye, wakachambua fungu moja, Zuhura akilia mpaka akatulia mwenyewe.

Alikufa bado kijana, bila kupigwa picha yoyote ya ubongo kama wewe. Na katika nyumba yetu hakuna aliyesali kumshinda.

Dawa zako meza, mjukuu wangu. Lakini ukinipigia simu, usinambie umepona kwa ajili yangu. Lia tu, mimi nipo.

Bibi yako,
Bi Asha