Ukurasa Usiosema Umetoka Wapi

Jumatatu, 16 Februari. Bagamoyo
Amri tatu tena kwenye programu tunazoandika. Moja ya kuleta ukurasa wa HTML kutoka mtandaoni, moja ya faili lililomo ndani ya simu, moja ya maandishi unayoyapachika mwenyewe. Mwanaidi, ninayefanya naye kazi, huzichanganya kila siku. Nimezifuta zote. Sasa iko moja: pakia. Ipe chochote, itajua yenyewe. Mtandao ukikosekana, inaleta ukurasa uliohifadhiwa mara ya mwisho. Skrini haiwi tupu kamwe. Leo nimejipenda.

Jumanne, 17 Februari
Mwanaidi kauliza mtumiaji atajuaje anaona ukurasa upi. Nimemwambia hana haja ya kujua, huo ndio urahisi wenyewe. Tumeitia kwenye programu yetu ya ratiba ya Ramadhani. Baba alikuwa mjini, nikamwekea toleo jipya kabla hajarudi kijijini Mkange.

Alhamisi, 19 Februari
Ramadhani mosi. Baba kapiga simu baada ya kufuturu. Kule sauti inapita, intaneti haipiti, lakini programu inafunguka upesi. Anaisifu kwa kila mtu. Mawingu kutwa. Yeye ndiye muadhini, kaadhini kwa kutazama simu. Nimefurahi kuliko ninavyotaka kuandika.

Jumamosi, 21 Februari
Jana Maalim wa msikiti wao kafungulia redio. Adhana ya redio imekuja dakika tatu baada ya Baba.

Nimekagua. Baba alikuwa anaona ratiba ya mwaka jana, iliyobaki kwenye simu yake; mjini hatukuifungua. Mwaka jana mfungo ulianza Machi, jua likizama mapema kidogo. Pakia ilikosa mtandao, ikaleta ya zamani, kimya. Msikiti mzima umefungua kabla ya wakati, siku mbili. Kila mtu atazilipa, wazee kwa vijana. Naona aibu.

Jumapili, 22 Februari
Baba kawaambia kasoma vibaya, macho yamezeeka. Hakuitaja programu. Hakunitaja mimi. Wamempumzisha, anaadhini mtu mwingine. Miaka ishirini na sita. Nimemuuliza kwa nini kajisingizia.

"Macho yangu hayatafuti kazi, mwanangu. Wewe bado unaitafuta."

Nimemkasirikia. Nimejikasirikia zaidi.

Jumatatu, 23 Februari
Nimebadilisha pakia. Sasa lazima uiambie ukurasa utoke wapi. Usipopatikana, inasema haukupatikana. Ukiwa wa zamani, tarehe yake inakaa juu kwa herufi kubwa. Mwanaidi kaipitia, kakubali, hakunicheka. Inachosha kuitumia kuliko ile ya wiki jana.

Jumatano, 25 Februari. Mkange
Nilimwamkia Maalim, nikamweleza mbele ya Baba. Macho ya Baba hayana neno. Simu ndiyo iliyokosea, na programu iliyomo kwenye simu ni kazi yangu. Maalim akasema siku za kulipa ziko palepale. Kuhusu adhana hakusema kitu. Baba hakunitazama.

Magharibi nilikuwa jikoni kwa shangazi, nakoroga uji. Redio ya jirani iliadhini. Msikitini kimya bado. Shangazi alikuwa na tende mkononi, hakuila. Dakika ikapita. Kisha ikaja sauti ya Baba, ndipo tukafungua.