Mama Alipousimamisha Mchezo

Halq al-Wadi, Tunisia,
Agosti 1950

Kaka yangu Monji,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima, nikitumaini barua hii itakukuta huko Lyon ukiwa mzima na umeshiba. Je, kile kikohozi kimekuachia? Huku hatujambo. Mama ana goti linalomsumbua, ila hulisahau kila anapopata mtu wa kumfokea, kwa hiyo siku nyingi haliumi.

Umeuliza kama ni kweli nimekuwa padri. Nimejua mara moja ni Taieb muuza vyuma aliyekupelekea habari hizo. Ni kweli, kaka, lakini jukwaani tu. Unamkumbuka Bi Alegra, mwalimu wetu wa zamani? Amestaafu, na kustaafu kumemshinda. Amechukua ukumbi wa sinema akaamua tucheze mchezo wa mji wenye kisima kimoja. Ukame unaingia, liwali anatangaza kwamba watakaokunywa ni wenye dini ya kweli tu, na wazee watatu majirani, Myahudi, Mkristo na Mwislamu, wanaitwa kila mmoja athibitishe yake. Wanapofika mbele ya liwali, kila mzee anakataa kujisemea, anamsemea jirani yake.

Hapo pasingekuwa na neno. Lakini Bi Alegra alitugawia nafasi kinyumenyume. Nisim mshonaji, yule Myahudi mtoto wa Bi Mesauda, akapewa Mwislamu. Vito seremala, Mkristo wetu wa Sisilia, akapewa Myahudi. Mimi nikapewa Mkristo, tena padri. Tulipolalamika alisema kwamba kujiigiza mwenyewe hata mbuzi anaweza.

Ungekuwepo, ungecheka mpaka ulie. Baba yake Nisim alimwona Vito amejitupia shuka la sala begani akamuuliza kama anakwenda sinagogi au anakwenda kuoga baharini. Mimi nilifundishwa ishara ya msalaba na Bi Rosaria, mama yake Vito, jikoni kwake. Nikaanza kwa mkono wa kushoto, akanipiga mwiko vidoleni. "Huo ni wa shetani, Beshir! Unataka kuniaibisha mbele ya Bikira?" Na Mama, aliyeapa kwamba hatakanyaga ukumbi huo, siku moja alimkuta Nisim uani kwetu akijifunza kukaa kitako cha sala. Alivumilia, akavumilia, kisha akatoka na kanzu ya marehemu Baba mkononi. "We mtoto, unakaa kama unamsubiri kinyozi! Kunja mguu. Mwingine huo! Na uvae hii, usiswali na suruali inayokubana." Tangu siku hiyo alimfundisha kila alasiri, kwa matusi na kwa vitumbua vya asali.

Lakini maneno yalikuwa yanachemka mtaani. Wewe unajua mambo yalivyo tangu vita vya Palestina. Watu wanasalimiana, ila wanaangaliana. Kahawani walisema Nisim anakejeli sala. Sinagogini walisema Vito anakejeli shuka. Padri naye, nasikia, aliuliza mimi ni nani. Nisim alitaka kujitoa, na baba yake alimuunga mkono. Bi Alegra alikwenda kwao akaketi mlangoni, akasema hatanyanyuka, na kweli hakunyanyuka mpaka walipochoka kumruka.

Mchezo wenyewe ulikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Mama alikuja, eti kuichunga kanzu. Mwanzo watu walicheka vizuri. Kisha Nisim akatandika mkeka, na kabla hajainua mikono, sauti ikatoka nyuma: "Shuka, Myahudi! Hiyo si yako!" Mwingine akajibu kwamba basi Vito naye avue shuka. Wa tatu akanigeukia mimi. Viti vikaanza kuburutwa, wanawake wakaanza kuita watoto wao. Nisim alikuwa anavua kilemba, kaka. Niliona kwamba akishuka siku ile, hatapanda tena jukwaa lolote, wala hatatembea mtaa wetu kama alivyokuwa akitembea.

Ndipo Mama aliposimama. Alipanda juu ya kiti, na goti lake hilo hilo bovu. "Nani amemwambia mwanangu ashuke?"

Mtu mmoja akacheka, akamwambia mwanao ndiye yule padri.

"Ni wote watatu!" akasema Mama. "Wote watatu wamenyonya ziwa hili. Huyo Nisim ameninyonya. Huyo Vito ameninyonya, na alikuwa anauma! Mwenye neno aje aniambie mimi."

Bi Rosaria akasimama upande wa pili akasema ni kweli tupu. Bi Mesauda akasimama, akilia, akasema ni kweli. Taieb akakohoa, akatangaza kwa sauti ya kadhi kwamba ikiwa ni ndugu wa kunyonya, basi mambo ya ndugu hayaingiliwi, na wenye viti wakae. Wakakaa.

Tulimaliza, lakini usiniulize tulimalizaje. Ilipofika zamu ya Vito kunisemea mbele ya liwali alikuwa analia kwelikweli, maneno yote yamempotea, na Bi Alegra anamfokea nyuma ya pazia, na watu wanapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa, kaka, jambo ambalo Mama hakulisema ukumbini. Alinieleza tuliporudi, akisema nikuandikie. Mwaka ule aliozaliwa mdogo wetu Selma na kufa, wewe ulikuwa umepelekwa kwa shangazi Nabeul, nami nilikuwa mdogo. Mimi na wewe tulikua tukiamini Mama hakumlilia. Kumbe maziwa yalikuwa yanamdondoka usiku na mchana na hana wa kumpa. Homa ya matumbo ikaingia mtaani, Rosaria na Mesauda wakalazwa, maziwa yao yakakauka. Akaletewa yeye watoto wao wawili, Vito na Nisim, wakilia njaa. Wale mabibi, wakwe zao, wasingekubali kamwe, kwa hiyo akina mama watatu wakaapiana wasiseme. Nilimwambia Mama kwamba aliwaokoa. Akanikemea. Alisema, "Wao ndio walioniokoa mimi. Nilikuwa nimekwisha."

Ijumaa nyumba tatu zilikula kwetu kuskusi ya samaki, na Nisim akamwita mama yetu "Mama" mbele ya mama yake mzazi, na hakuna aliyenuna. Bi Alegra anatafuta mchezo mwingine, tuombee.

Nisalimie Watunisia wote wa huko kiwandani kwenu. Bi Rosaria anakusalimu, Bi Mesauda anakusalimu, Vito anasema yeye haumi tena. Na Mama ameniambia niandike hivi hivi bila kupamba: ana wanawe watatu hapa, wa nne amechelewa, na sahani yake haijaondolewa mezani.

Ni mimi mdogo wako,
Beshir